Miezi Kumi na Miwili ya Kwanza katika Mfuko wa Pensheni

Pensheni ya kazini ni ahadi ndefu kuliko karibu mikataba yote ambayo mfanyakazi wa kawaida huingia maishani mwake, kwa kuwa mtu anayeandikishwa katika mfuko akiwa na umri wa miaka 25 na kustaafu akiwa na miaka 60 husubiri miaka 35 kabla ya kuonja shilingi ya kwanza, na baada ya hapo hutegemea, Mungu akimjalia uhai, kuendelea kuipokea kwa miaka mingine 15 au zaidi. Urefu huo ndio unaoifanya thamani ya pensheni iwe ngumu kupimwa katika miaka ya mwanzo, wakati ambapo makato yanaonekana wazi kila mwisho wa mwezi kwenye hati ya mshahara, ilhali kile kinachonunuliwa kwa makato hayo hakionekani popote. Si ajabu basi kwamba kijana mwenye kodi ya nyumba, wazazi wa kuwatunza na ada za wadogo zake huyatazama makato hayo kama fedha iliyopotea, na anapoacha kazi wazo lake la kwanza huwa ni kuifuata fedha hiyo na kuitoa yote. Makala haya yanachunguza thamani halisi ya miaka hiyo ya mwanzo kwa kufuata jambo moja dogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani michango ya miezi 12 ya kwanza ya mfanyakazi mmoja wa mfano nchini Tanzania.

Mfuko wa pamoja wa pensheni ni utaratibu ambao waajiri na wafanyakazi wengi huchangia chungu kimoja, nacho chungu hicho humlipa kila mwanachama mafao kwa kanuni iliyowekwa na sheria, wala si kwa kiasi alichokiweka yeye peke yake. Tanzania ilianza na utaratibu tofauti: Mfuko wa Akiba wa Taifa, uliofahamika kwa kifupi kama NPF, ulioanzishwa mwaka 1964, ulikuwa mfuko wa akiba, maana yake kila mwanachama alikuwa na hesabu yake na alipostaafu alirudishiwa akiba yake pamoja na riba kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria iliyoligeuza shirika hilo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na akiba ikageuka kuwa pensheni. Mwaka 2018 mifuko minne iliyowahudumia watumishi wa umma na mashirika, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, huku NSSF ikiachiwa sekta binafsi na watu waliojiajiri. Mabadiliko ya sheria yalikuja haraka kuliko mabadiliko ya fikra, kwani hadi leo wanachama wengi huizungumzia pensheni kwa lugha ya akiba, wakiita "hela yangu" kitu ambacho kisheria ni haki ya kupokea mafao, na malumbano mengi yaliyotokea baadaye yalichipuka katika tofauti hiyo ya maneno.

Mfanyakazi wa mfano ameajiriwa na kampuni binafsi kwa mshahara ghafi wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Jumla ya mchango wake NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo kwa kawaida mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi hukatwa asilimia 10, hivyo kila mwezi zinaingia shilingi 120,000, na katika miezi 12 ya kwanza zinaingia 1,440,000, ambazo nusu yake, yaani 720,000, zimetoka katika mshahara wake. Angekuwa mtumishi wa umma, jumla ingebaki asilimia 20 lakini mgawanyo ungekuwa mwingine, kwa kuwa katika PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri huongeza asilimia 15.

Thamani ya kwanza kabisa ya mchango huo hupatikana siku ileile ya mshahara, ingawa wachache huitambua. Mchango wa mfanyakazi katika mfuko ulioidhinishwa hutolewa kwanza ndipo kodi ya mapato, ile inayoitwa PAYE, ikokotolewe katika kiasi kinachobaki. Kwa viwango vya kodi vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021, mshahara wa 600,000 usiokatwa mchango wowote ungetozwa shilingi 36,000, lakini baada ya kutoa mchango wa 60,000 kodi hukokotolewa katika 540,000 na kushuka hadi 24,000. Kwa maneno mengine, mchango wa 60,000 humpunguzia mfanyakazi shilingi 48,000 tu za kutumia nyumbani, na kwa hizo 48,000 huandikiwa mfukoni 120,000. Hakuna kibubu wala chama cha kukopeshana kinachoweza kuzidisha fedha mara mbili na nusu siku inapowekwa.

Ugumu huanza pale mtu anapouliza kama fedha hizo ni zake kweli. Kama mfanyakazi huyo atapoteza kazi baada ya miezi 12, mfuko hautamrudishia 1,440,000. Kwa utaratibu uliowekwa baada ya mageuzi ya mwaka 2018, mwanachama aliyekosa ajira bila kuacha kazi kwa hiari yake, na ambaye amechangia chini ya miezi 18, hulipwa mkupuo wa nusu ya michango yake, ambayo kwa makato yaliyotoka katika mshahara wa mfanyakazi huyu ni shilingi 360,000. Aliyechangia miezi 18 au zaidi huingia katika fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6, yaani kwa mshahara huohuo ni takribani 200,000 kila mwezi na jumla yake hufika karibu 1,200,000. Mtu aliyechangia miaka 5, ambaye kwa hesabu ya daftari ana 7,200,000 mfukoni, hupokea fao lilelile la 1,200,000. Akiitazama tofauti hiyo kwa jicho la mwenye akiba, huona ameporwa. Akiitazama kwa jicho la mwenye bima, huona amelipwa mafao ya janga moja huku haki yake ya uzeeni ikibaki palepale. Macho yote mawili yana hoja, na si haki kumbeza yule wa kwanza kana kwamba hajui hesabu.

Historia ya fao la kujitoa, jina lililotumika kwa malipo ya kumrudishia mwanachama michango yake anapoacha kazi, inaonyesha jinsi suala hili lilivyo zito. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii yalilenga kulifuta fao hilo ili michango ibaki mfukoni hadi uzeeni, na tangazo la kusitishwa kwake lilizua upinzani mkali, wafanyakazi wa migodini wakiwa mstari wa mbele. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu mchimbaji anafanya kazi ngumu yenye mikataba mifupi, hana uhakika kwamba mwili wake utafika miaka 55 ukiwa na nguvu, na anajua kwamba mgodi ukifungwa hatapata kwa urahisi mwajiri mwingine wa kumchangia. Serikali ililegeza msimamo wakati ule, na miaka 6 baadaye fao la kukosa ajira likaletwa kama njia ya kati. Jambo ambalo halikutiliwa mkazo wa kutosha katika mjadala huo wote ni kwamba thamani ya kutoka mapema na thamani ya kubaki haziwezi kuongezeka kwa pamoja, kwa kuwa kila shilingi inayolipwa kwa anayetoka hupunguza uwezo wa chungu kutimiza ahadi kwa anayebaki.

Kwa anayebaki, miezi 12 ya kwanza haipimwi tena kwa shilingi zilizowekwa, bali hupimwa kwa kikokotoo. Kikokotoo ni kanuni ya kugeuza miezi ya uchangiaji na mshahara kuwa pensheni, na kanuni inayotumika sasa kwa mifuko yote miwili huchukua idadi ya miezi ambayo mwanachama amechangia, ikaigawa kwa 580, kisha ikazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 iliyokuwa bora kwake. Matokeo yake ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu ya pensheni hiyo hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, maana yake mwanachama hulipwa mara moja kiasi ambacho angekipokea kidogo kidogo kwa miaka 12 na nusu, na sehemu inayosalia hulipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Katika kikokotoo hiki mshahara wa kijana wa miaka 25 hauonekani popote. Kinachoonekana ni miezi yake tu, na miezi hiyo huja kuzidishwa kwa mshahara wa mtu mzima anayekaribia kustaafu.

Mfano unaweza kuendelezwa kwa kudhani kwamba mfanyakazi huyo alibaki mwanachama hadi miaka 60 na kwamba mshahara wake ulipanda taratibu hadi kufika 3,000,000 kwa mwezi, yaani 36,000,000 kwa mwaka. Miezi 12 ya mwanzo, ikitengwa na mingine yote, humpatia 12 gawanya kwa 580 ya 36,000,000, ambayo ni takribani shilingi 744,800 za pensheni kamili kwa mwaka. Mkupuo ukiwa asilimia 35, miezi hiyo peke yake humletea kiasi cha 3,258,600 siku ya kustaafu na takribani 40,300 kila mwezi baada ya hapo. Akiishi miaka 15 baada ya kustaafu bila pensheni kuongezwa hata mara moja, jumla itakuwa takribani 10,520,000, kutokana na mchango wa mwaka mmoja uliokuwa 1,440,000, ambao yeye mwenyewe alitoa nusu yake.

Jumla hiyo inavutia, lakini mtu mwangalifu hataishia hapo. Fedha iliyosubiri zaidi ya miaka 34 na kuzaa mara 7 na kidogo imekua kwa kiwango kisichofika asilimia 6 kwa mwaka, na hata kiwango hicho kinaupendelea mfuko, kwa sababu malipo ya miaka 15 yamehesabiwa kana kwamba yote yanapokewa siku moja. Mfumuko wa bei nchini Tanzania, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5, unakula sehemu kubwa ya ukuaji huo, ilhali hatifungani za muda mrefu za Serikali zimekuwa zikitoa riba inayozidi asilimia 10. Ikipimwa kwa mizani ya uwekezaji mtupu, shilingi ya kijana katika mfuko wa pamoja inazaa polepole.

Miezi 12 ya mwanzo inapowekwa kando ya mwaka wa mwisho wa kazi, picha inakuwa wazi zaidi. Katika mwaka huo mfanyakazi yuleyule na mwajiri wake wanachangia asilimia 20 ya 36,000,000, ambazo ni 7,200,000, na miezi hiyo 12 nayo inaleta pensheni ileile iliyoletwa na miezi 12 ya mwanzo, kwa kuwa mwezi ni mwezi mbele ya kikokotoo. Mchango wa 7,200,000 usiokaa mfukoni hata mwaka mzima unaleta mafao ya 10,520,000. Ni dhahiri kwamba fedha hizo za ziada hazikuzalishwa na mchango wa mwaka huo. Zimezalishwa na michango ya zamani iliyokaa mfukoni muda mrefu na kulipwa chini ya kile ilichozaa. Hapo ndipo penye kiini cha mfuko wa pamoja: kijana hubeba sehemu ya mzigo wa mtu mzima, kwa matumaini kwamba atakapokuwa mtu mzima naye atabebwa na kijana mwingine. Utaratibu huo ni wa haki kwa anayekaa ndani kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana hutoa ujanani na hupokea uzeeni, lakini humwelemea anayechangia ujanani kisha akatoka, na humnufaisha anayeingia akiwa na umri mkubwa na mshahara mnono, mradi atimize muda unaotakiwa.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Uholanzi, ambayo mifuko yake ya pensheni za kazini ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani, kwa miongo mingi ilitoza kiwango kimoja cha mchango na kutoa haki sawa ya pensheni kwa kila mwaka wa kazi bila kujali umri, hadi ilipokubalika kwamba ajira za kuhamahama zinawaumiza vijana. Sheria mpya ya pensheni ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Julai 1, 2023 na kuipa mifuko hadi Januari 1, 2028 kukamilisha mageuzi, inabakiza mchango wa kiwango kimoja lakini inampa kila mwanachama haki inayolingana na muda ambao fedha yake itakaa ikizalisha, kwa hiyo shilingi ya kijana, au kwao yuro ya kijana, inahesabiwa kuwa nzito kuliko ya mzee. Mageuzi hayo yamekuwa na gharama kubwa, kwa sababu waliokuwa katikati ya safari, wenye umri wa miaka 40 na 50, walikwisha kuwabeba wengine na sasa wangekosa wa kuwabeba, hivyo imelazimu watafutiwe fidia.

Kenya ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya NSSF ya mwaka 2013, ambayo utekelezaji wake ulikwamishwa mahakamani kwa miaka mingi na kuanza Februari 2023, inamtaka mfanyakazi achangie asilimia 6 na mwajiri asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kinachopandishwa kwa awamu, badala ya shilingi 200 za zamani ambazo kila upande ulitoa, na inaruhusu daraja la pili la michango kupelekwa katika mpango wa pensheni wa mwajiri ulioidhinishwa. Michango hiyo huandikwa katika hesabu ya kila mwanachama pamoja na faida yake, kwa hiyo Mkenya mwenye mwaka mmoja kazini anaweza kutaja thamani ya pensheni yake kwa kusoma taarifa ya hesabu, jambo ambalo Mtanzania hawezi. Anachokosa ni ahadi: hakuna kikokotoo kitakachoifunga hesabu yake na mshahara wa mwisho, na uwekezaji ukifanya vibaya katika miaka ya karibu na kustaafu, hasara ni yake. Kutazamika kwa akiba na uhakika wa pensheni ni mambo mawili tofauti, na nchi hizi mbili jirani zimetanguliza kila moja lake.

Kuna upande wa thamani ya awali ambao hesabu zote zilizotangulia haziugusi, na kwa maoni yanayotetewa hapa huo ndio upande mkubwa kuliko wote kwa mwanachama kijana. Mfuko wa hifadhi ya jamii, kama jina lake linavyosema, hukinga dhidi ya majanga, neno ambalo katika taaluma hii linajumuisha kila tukio linalokatiza kipato, pamoja na yale ya heri kama uzazi. Kwa sheria ya NSSF, mwanamke aliyechangia miezi 36, ambayo 12 kati yake iko ndani ya miaka 3 iliyotangulia kujifungua, hulipwa fao la uzazi lenye thamani ya kipato chake kizima cha wiki 12. Kwa mshahara wa 600,000 fao hilo linakaribia 1,680,000, na kwa kuwa michango yote ya miaka 3 ni 4,320,000, fao moja hurudisha zaidi ya theluthi moja yake bila kugusa mwezi hata mmoja wa pensheni ya uzee.

Zito zaidi ni ulemavu. Mwanachama aliyechangia miezi 36, ikiwamo 12 iliyotangulia mara moja kabla ya janga, anaweza kustahili pensheni ya ulemavu pale anapopoteza angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, na wategemezi wa aliyetimiza sharti hilo kabla ya kufariki hupata pensheni ya urithi. Kijana wa miaka 28 mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye akiba yake yote benki haivuki mishahara miwili, hana mahali pengine pa kununua kinga ya namna hiyo kwa shilingi 48,000 kwa mwezi bila kuulizwa kama ana kisukari. Kinga hii ndiyo inayolipiwa na ile sehemu ya shilingi ambayo, katika mizani ya uwekezaji mtupu, ilionekana kuzaa polepole. Ni kosa kuipima bima kwa kigezo cha akiba, kama ambavyo mtu halilaumu bati la nyumba yake kwa kutokuzaa wakati wa kiangazi.

Hata hivyo kinga hiyo inasimama juu ya neno moja, nalo ni uwasilishaji. Sharti la miezi 12 iliyotangulia janga linamaanisha kwamba mwajiri aliyekata mshahara lakini hakuwasilisha michango hajaiba fedha tu, bali amemvua mfanyakazi kinga akiwa njiani. Sheria humtaka mwajiri awasilishe michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara na humtoza adhabu anapochelewa, lakini adhabu huingia mfukoni, si nyumbani kwa aliyeumia. Kwa hiyo mwanachama kijana anapotazama taarifa ya michango yake, jambo la kukagua kwanza ni mfululizo wa miezi, kabla hata ya jumla ya shilingi. Mwezi uliorukwa mwaka huu ni rahisi kudaiwa wakati mwajiri bado yupo, hati za mshahara zipo na mhasibu anakumbuka. Baada ya miaka 30 kampuni inaweza kuwa imefilisika na majengo yake kuwa ghala la mtu mwingine.

Serikali yenyewe iliwahi kuonyesha athari za miezi isiyochangiwa. Watumishi wa umma walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, na utumishi wao wa miaka ya nyuma ulihesabiwa katika mafao yao kwa ahadi kwamba Serikali ingeulipia. Mfuko wa PSPF uliwalipa kwa michango ya waliokuja baadaye, deni likakua kwa miaka mingi, na mwezi Desemba 2021 Serikali iliipa PSSSF hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kulipunguza. Wastaafu wale walistahili kila senti, lakini gharama ya miaka yao ya mwanzo iliangukia chungu ambacho wengine walikuwa wakikijaza.

Ahadi yenyewe nayo husogea. Mwaka 2018 kanuni mpya ilipunguza mkupuo hadi asilimia 25 kwa watu waliokuwa wamezoea asilimia 50 chini ya kikokotoo cha 1/540, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwezi Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli aliisitisha. Kuanzia Julai 1, 2022 ukatumika mkupuo wa asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya mwaka 2024 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa na asilimia 50 na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa na 25. Mjadala huo ulihusu zaidi ukubwa wa mkupuo, jambo linaloeleweka kwa anayetaka kumalizia nyumba, ingawa mkupuo mkubwa hupunguza malipo ya kila mwezi, na anayeishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu hujikuta ameuza sehemu ya pensheni yake kwa bei rahisi. Kwa mwanachama mpya somo la historia hiyo liko kwingine: miezi yake 12 ya kwanza itathaminiwa kwa sheria itakayokuwapo siku atakayostaafu, na kwa hiyo sauti yake katika chama cha wafanyakazi ni sehemu ya thamani ya pensheni yake, hata kama hakuna mtaalamu wa hesabu za bima anayeweza kuiwekea namba.

Mizani yote hiyo, ya daftari, ya kikokotoo na ya kinga, hubadilika ghafla mahali pamoja, penye mwezi wa 180. Pensheni ya uzee hulipwa kwa aliyechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, na ambaye amefika umri wa kustaafu, ambao ni 55 kwa hiari au 60 kwa lazima kwa wafanyakazi wengi. Mwanachama mwenye miezi 180 na wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi hupata, kwa mkupuo wa asilimia 35, takribani 16,290,000 siku ya kustaafu na karibu 201,700 kila mwezi maisha yake yote; mwenye miezi 179 na mshahara uleule hulipwa mkupuo maalumu na kuagana na mfuko. Ngazi hiyo kali iliwekwa katika dunia ya ajira za kudumu, ambamo mtu aliyeajiriwa kijana alitarajiwa kustaafu katika ofisi ileile.

Wafanyakazi wengi wa leo hawamo katika dunia hiyo. Mkata miwa wa Kilombero anayeajiriwa kwa msimu, fundi aliyefuata ujenzi wa reli kutoka kambi moja hadi nyingine, na mwalimu wa shule binafsi anayepewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, wote wanaweza kufanya kazi miaka 30 na kukusanya miezi 150 tu. Sheria inaruhusu miezi iliyochangiwa NSSF na PSSSF kujumlishwa, na mwanachama aliyekosa mwajiri anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, njia mbili ambazo zinastahili kutangazwa kwa bidii zaidi kuliko zinavyotangazwa sasa, kwa sababu kwa mtu wa miezi 150 mchango wa hiari wa miezi 30 iliyobaki huamsha thamani ya miezi yote 180 kwa pamoja. Lakini njia hizo zinamdai mtu asiye na kipato cha uhakika atoe mchango wa uhakika. Lingefaa zaidi jambo ambalo kikokotoo chenyewe tayari kinaliwezesha, yaani kumlipa mwenye miezi 150 pensheni ndogo ya 150 gawanya kwa 580, na mwenye miezi 100 ya 100 gawanya kwa 580, ili kila mwezi uliokatwa kwenye mshahara, kuanzia ule wa kwanza kabisa, uwe umenunua kipande chake cha uzee.